Lynx 59 ya mkononi huku Lapland: pikipiki ya theluji ya kazi, sio ile ya kuringia

Naanza na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtu atauliza. Pikipiki ya theluji mpya ya kazi, yaani ile ya kubeba na kuvuta mizigo, huku Finland inaanzia huko kwenye euro 15,000 na kupanda, na hapo hujanunua tela, hujanunua helmeti, hujalipa bima. Sikuwa na hela hiyo na hata ningekuwa nayo nisingeitoa kwa chombo ambacho ikifika Juni kinalala bandani mpaka theluji irudi. Nikachukua ya mkononi kwa euro 6,500, Lynx ya daraja la 59, injini Rotax 600 ACE ya stroki nne, imetembea kweli kweli ila mkanda wake, yaani ule mpira mpana wa chini unaoisukuma kwenye theluji, ulikuwa bado una meno. Nipo Inari, juu kabisa ya Lapland, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na sasa nimeitumia vya kutosha kuisema mazuri na mabaya yake. Naandika kwa Kiswahili makusudi maana siku hizi tuko wengi nchi hii, kuna wanafunzi wa unesi kutoka Kenya, kuna ndugu zetu wa Kongo walioletwa kwa mpango wa wakimbizi, na kila msimu haikosi mtu anapangiwa kazi au mafunzo huku kaskazini akifika anaanza kuuliza hivi hawa watu wanafikaje dukani.

Kwanza tuelewane kuhusu aina. Ukitafuta pikipiki za theluji mtandaoni utaletewa vijana wanaruka milimani, theluji imewafika kifuani, mashine ya kijani au ya machungwa, injini ya 850 inalia mpaka unaisikia kwenye picha. Zile zipo na ni tamu, sikatai, ila ni za starehe. Ukikaa huku msimu mmoja ukaangalia nani anapita nje ya dirisha lako saa moja asubuhi kwenye giza, karibu wote wamekalia kitu kingine kabisa, limashine refu, pana, limetulia, mbele kioo kirefu cha kukinga upepo, nyuma kuna sanduku la mizigo na ndoano ya kuvutia tela. Hiyo ndo bodaboda ya huku, inabeba kuni, inabeba samaki, inabeba bibi, inabeba mafuta ya jenereta, na mwenye nayo haioshi mpaka mwezi wa nne. Hiyo ndo ninayoiongelea hapa, wale wa kuruka milimani mtanisamehe.

Lynx zinatengenezwa Rovaniemi, hapa hapa Lapland, kiwanda ni cha BRP, Wakanada wale wale wenye Ski-Doo. Wana mtindo wao wa namba, 49 ina mkanda wa inchi 16, 59 ni inchi 20, 69 ni inchi 24, na hizo inchi ndo kila kitu, usidanganywe na stika. Mkanda mwembamba unakata kona vizuri kati ya miti lakini ukiutoa njiani ukaingia kwenye theluji laini ambayo haijakanyagwa unazama. Mkanda mpana unaelea juu hata ukiwa unavuta mzigo, ila kukunja kona ni kazi, unavuta usukani huku unaegemea na mwili mzima na bado lenyewe linataka kwenda mbele. 59 iko katikati na kwa mtu ambaye sio mchunga wanyama wala sio mkimbiza mashindano hiyo ndo saizi, mimi sina majuto nayo. Tatizo lake ni uzito. Inakaribia kilo 300 kabla hujaweka mafuta, kwahiyo ikilala ubavu kwenye shimo na uko peke yako, we ndo utajua hujui.

Injini sasa. Hii 600 ACE ina nguvu za farasi kama 60 tu na kuna jamaa watakucheka. Waache wacheke. Kwenye njia zetu mwendo wa juu ni km 60 kwa saa kisheria, juu ya ziwa lililoganda ni 80, sasa hizo farasi 150 unazipeleka wapi? Faida ya stroki nne ni kwamba haitoi ule moshi wa bluu unaoganda kwenye nguo, huchanganyi oili, kelele yake ndogo mpaka unaweza kuongea na abiria, na mafuta inalamba kidogo, tenki lake linazidi lita 40 na mimi wikiendi nzima naenda na kurudi bila kutafuta sheli. Na sheli huku sio za kukuta kila kona, muelewe hilo.

Zile za zamani za stroki mbili zinazopozwa kwa feni, mfano Skandic za Ski-Doo zenye injini ya 550, wazee wengi hawataki kuziacha na wana sababu. Nyepesi zaidi, hazina maji ya kuganda wala pampu ya kuharibika, ikigoma porini unabadilisha plagi, unavuta kamba, inawaka, hiyo yangu betri ikifa sina cha kuvuta. Kwahiyo kama unaenda kukaa mbali kabisa na watu na we ni fundi fundi, chukua feni. Kama we ni mtu wa kawaida unataka kuwasha kwa batani uende kazini, chukua stroki nne. Yamaha nao walikuwa na VK540 ya feni ambayo watu wanaiheshimu sana, ila 2023 walitangaza wanatoka kabisa kwenye biashara ya pikipiki za theluji, sasa ukiona inauzwa bei poa jiulize suala la spea miaka kumi mbele.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakwambia: hizi mashine zinahitaji theluji ili ziishi. Zinazopozwa kwa maji, nyingi zinategemea theluji inayorushwa na mkanda igonge kwenye chuma kilicho juu yake ambamo maji ya injini yanapita, baadhi za kazi zinaongezewa rejeta na feni lakini sio zote. Na chini kuna reli mbili zina plastiki ambazo mkanda unateleza juu yake, theluji ndo inayolainisha pale. Sasa ukikimbiza kwenye barafu tupu, au barabara iliyokwanguliwa, joto linapanda na zile plastiki zinayeyuka, unasikia harufu. Dawa yake ni vile vyuma vidogo vya kuburuza vinavyochakura barafu na kurusha vumbi lake ndani, vinauzwa bei ndogo tu, kama mashine unayonunua haina basi nunua siku hiyo hiyo.

Baridi. Asubuhi ya -30 hii yangu inawaka, inalalamika sekunde kadhaa alafu inawaka, hapo naipa alama zote. Ila huwezi kukaa tu ukaondoka. Kwanza mkanda umegandia chini, na ski mbili za mbele nazo zimegandia, ukibonyeza mafuta kwa pupa belti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda, inaungua ndani ya boneti na belti sio bei ya chapati. Unashuka, unashika ski moja moja unaitingisha mpaka uisikie imeachia, unaenda nyuma unanyanyua kitako juu unakiachia kidondoke, ndo unapanda. Jioni ukiegesha unaweka fito mbili tatu chini ya mkanda au unaiacha kwenye theluji uliyoikanyaga ikawa ngumu. Mafuta unayabonyeza kwa kidole gumba cha kulia, sio kuzungusha mkono, na pale kidole kinapokaa kuna joto la umeme, mshikio wote una joto, unaliongeza kwa batani. Bila hilo joto kidole gumba kinakufa ganzi dakika chache tu. Hesabu ndogo, nje ni -25 na we unakwenda 60, ngozi yako inasikia kitu cha karibu -43. Shavu likiachwa wazi linaanza kuwa jeupe na wewe mwenyewe husikii maumivu, anaona mwenzako. Sisi weusi ile weupe inakuja kwa rangi ya kijivu hivi na Mfini hajui kuiona usoni kwako, kwahiyo jikague kwenye kioo na usiwategemee wao.

Kuna kamba pia, ya plastiki, imejikunja kunja, upande mmoja unaichomeka kwenye mashine upande mwingine unaifunga kwenye ovaroli. Ukidondoka inachomoka injini inazima. Kuna watu wanaiacha inaning'inia kwenye usukani. Nimehudumia mzee mmoja ambaye alifanya hivyo ujanani, mashine ikaenda bila yeye, na mpaka leo akiisimulia anacheka ila mguu wake unachechemea.

Nikija kwenye kuvuta. Hapa ndo 59 inalipa hela yake. Ina gia ndogo na kubwa na rivasi, ukiweka ile ndogo unafunga tela lenye kuni za wiki nzima, unapanda nalo kilima pole pole na halilii. Tela linafungwa kwa chuma kigumu, sio kamba, maana kamba ukishuka mlima tela linakuja kukusalimia mgongoni. Ukibeba watu kwenye tela sheria inasema usizidi km 40 kwa saa na wavae helmeti, na kweli hata bila sheria, muulize aliyekaa nyuma anavyokula theluji na kurushwa rushwa. Shokapu za mbele ni ngumu kidogo ukiwa peke yako, ukiweka mzigo zinakaa sawa, inaonyesha walioitengeneza walikuwa wanawaza mzigo sio makalio yako.

Jirani yangu ni mchunga poro, wale kulungu wa huku wenye pembe dume na jike. Kabla sijamfahamu nilidhani poro ni wa mwituni, kumbe Finland poro wote wana mwenyewe, wanakatwa alama masikioni, na kuna kiwango cha juu cha wangapi wafugwe nchi nzima, kama laki mbili hivi. Huyu mzee ana mashine mbili, moja 69 ya kubeba chakula, nyingine nyembamba ya kukimbizana nao msituni wakati wa kuwakusanya. Anaamka anapakia marobota ya nyasi, anawafuata walipo, anazima injini kabisa anasikiliza kwanza. Poro wakisikia mlio wa mashine yake wanakuja wenyewe wanajua ni chakula, mlio wa mashine yangu wanakimbia.

Lakini huyo huyo mzee ndo alinifungua macho. Anasema baba yake alikuwa anachunga kwa ski za miguuni na tela linalovutwa na poro, analala nao porini. Mashine za kwanza ziliingia huku mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ski-Doo kutoka Kanada, kampuni ilikuwa imeanza kuziuza 1959 tu, na haikuchukua miaka mingi poro wa kuvuta tela wakawa hawahitajiki tena. Wasami, wenyeji wa asili wa huku, wale wa Sevettijärvi, kaskazini mwa hapa, wanakumbukwa sana kwa jinsi mambo yalivyogeuka kwao haraka. Safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Ila sasa ukawa unahitaji petroli, spea, na mkopo wa kununulia mashine, mwenye poro wengi akaweza, mwenye wachache akauza poro kulipia mashine, mwisho akabaki na mashine bila poro. Na wanyama wenyewe wakawa wakali zaidi maana mtu alikuwa hakai tena nao, anakuja na makelele anaondoka. Mzee hasemi zamani ilikuwa bora, ukimwambia arudi kwenye ski atakufukuza. Anasema tu bili ya petroli inafika kila mwezi hata mwezi ambao hajauza nyama.

Matumizi yangu mimi ni uvuvi zaidi. Ziwa Inari lina zaidi ya km za mraba 1,000 na visiwa zaidi ya 3,000, linaganda kuanzia Novemba na barafu inaweza kubaki mpaka mwisho wa Mei au Juni kabisa. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba mpaka karibu wiki ya pili ya Januari jua halichomozi kabisa, kuna mwanga wa bluu saa chache mchana basi, kipindi hicho nakaa ndani kwa kweli. Raha ni Machi na Aprili. Mchana mrefu, -5 hivi, theluji imeshika juu kwa ugumu, unapakia ngozi ya poro ya kukalia, keekee ya barafu, thamosi ya chai ya tangawizi, makaa na soseji za Wafini, unakwenda kutoboa shimo kati ya visiwa unakaa. Familia nzima nzima zinakuwa ziwani na mashine zao, watoto wanalala kwenye tela. Kama hujawahi kuona Mfini anaongea na mtu asiyemjua, nenda ziwani mwezi wa nne ukapitwe na mashine, kila mmoja anasimama kuuliza samaki wanakula leo au hawali.

Sasa hatari yenyewe, na hii soma taratibu. Watu wanaogopa barafu kupasuka, na ni kweli kuna unene wa kuangalia, angalau sentimita 15 za barafu ngumu kwa mashine, na kwenye mikondo kati ya visiwa na midomo ya mito usiamini hata katikati ya Januari. Vaa vile vichomeo vya barafu shingoni, ni vijiti viwili vina misumari, ukitumbukia unachoma navyo barafu unajivuta utoke. Ila kinachosumbua watu mara nyingi zaidi ni maji ya juu. Theluji ikiwa nyingi inaielemea barafu, maji yanapanda kupitia nyufa, yanakaa katikati, juu theluji nyeupe safi chini uji wa barafu. Huoni chochote. Unaenda zako ghafla mashine inakuwa nzito, nyuma inaanza kukaa, na ukiangalia alama uliyoacha ni ya kijivu badala ya nyeupe. Hapo hakuna kusimama, unaongeza mafuta unasimama wima kwenye vikanyagio unazunguka kurudi kwenye alama yako ya zamani. Ukisimama imekula kwako, mkanda unajaa uji, uji unaganda, kilo 300 zinakuwa sijui ngapi. Yangu ilikaa humo mpaka kiuno na kutoka ilihitaji kukata matawi, kuyatandika mbele ya mkanda, kuilaza ubavu na kujaza shimo, na mzee jirani kuja na 69 yake na kamba ndefu akiwa amesimama mbali kwenye barafu kavu, hakusogea hata hatua moja. Buti zikiwa zimelowa kwenye -20 hiyo sio habari ya kuchekesha tena. Kwa kuelea 59 naipa wastani kwenye hili, 69 ingepita, 49 ingezama zamani.

Kazini mashine yangu sio lazima maana wateja wetu karibu wote barabara inawafikia na manispaa inakwangua theluji. Lakini kuna nyumba upande wa pili wa maji na kuna wagonjwa wanaokwama porini, hapo utaona waokoaji wanakuja na mashine pana na tela lililofungwa, mgonjwa analala ndani. Ukiwa unaishi huku weka kwenye simu ile programu ya dharura ya 112 Suomi, ukipiga inawapa mahali ulipo, maana kueleza uko kisiwa gani kati ya visiwa elfu tatu kwa Kifini cha kujifunza ukubwani ni mtihani. Na kwa kuwa tumegusa hospitali, yule Bombardier wa Kanada aliyeanzisha hizi Ski-Doo, Joseph-Armand, mwanawe mdogo alifariki majira ya baridi ya 1934 kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na theluji hawakuweza kumfikisha hospitali. Alikuwa tayari anahangaika kutengeneza gari la theluji tangu kijana na baada ya hapo hakuacha. Wale wanaosema hizi ni midoli ya matajiri huwa nawaambia hiyo.

Sheria nitapita haraka. Mashine inasajiliwa na kuwekewa bima ya barabarani. Helmeti lazima, taa muda wote, pombe ni sheria ile ile ya gari. Kuendesha porini uwe na miaka 15 na kwenye njia rasmi uwe na leseni. Barabara ya magari unaruhusiwa kuvuka tu, huendi nayo. Alafu kuna njia za aina mbili na wageni wengi wanachanganya, kuna njia rasmi ambayo ni bure kwa kila mtu, na kuna njia za ardhi ya serikali zinazosimamiwa na Metsähallitus ambazo unalipia kibali cha siku, wiki au mwaka. Nje ya hizo, ukiwa nchi kavu, unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Wachunga poro wakiwa kazini wanapita popote, we ukimfuata nyuma kwa kuwa alama ipo, faini ni yako.

Kwa mnaokuja kutembea tu wiki moja, msinunue chochote, kodini. Nimeenda na wageni wangu kwenye moja ya zile safari za saa mbili za makampuni ya utalii, sitaitaja. Bei za huku zinakwenda kuanzia euro 100 na ushee mpaka 200 kwa mtu mkiwa wawili kwenye mashine moja, ukitaka yako peke yako unaongeza. Ovaroli, buti, glovu na helmeti wanakupa na vilikuwa safi na vya joto, hapo nawasifu. Maelekezo ya kuendesha yalikuwa ya kukimbia kimbia, kwa Kiingereza cha haraka, mama mmoja wa kundi letu hakuelewa kidole gumba kinafanya nini akaenda moja kwa moja kwenye lundo la theluji. Na hapo ndo utakutana na karatasi uliyosaini bila kusoma, ukiharibu unalipa mwenyewe mpaka kama euro elfu moja, isipokuwa umenunua ile nyongeza ya kupunguza. Inunue. Mkija na leseni mje nayo yenyewe mkononi, picha ya kwenye simu walikataa. Na watoto wadogo hawapandi nyuma yako, wanakaa kwenye tela la mwongozaji, wanalipiwa pia.

Wageni wangu walifurahi, nisiseme uongo, ila saa mbili zile ni msafara wa mashine kumi mmoja nyuma ya mwingine, mwendo wa 30, moshi wa aliye mbele unaukula wewe. Ukipata nafasi omba safari ndogo ya watu wanne na iwe ya kwenda kuvua samaki au kwa mchunga poro, angalau unafika mahali. Siku hizi kuna makampuni yana mashine za umeme pia, Lynx wametoa Adventure Electric, kiwanda kinasema inaenda hadi km 50 kwa chaji. Kwa msafara wa saa moja msituni hiyo ni bora kabisa, kimya, haina harufu, watoto wanasikia ndege. Kwa mtu wa kwenda kukagua nyavu upande wa pili wa Inari bado sana.

Turudi kwa niliponunua. Duka lenyewe liko kusini mwa huku, nao siwataji. Waliniandikia kwenye tangazo kwamba imefanyiwa sevisi yote. Nilipoifungua nyumbani nikakuta zile plastiki za reli zimeisha mpaka chuma kinaonekana, belti ina nyufa, na belti ya akiba ambayo inatakiwa ikae chini ya boneti haipo, patupu tu. Kupiga simu wananiambia uliiona mwenyewe ilivyo. Hapana, Finland duka likikuuzia kitu linabeba kasoro zake hata kama ni cha mkononi, kusema tu imeuzwa ilivyo hakuwatoi. Kuna ushauri wa bure wa serikali kwa wateja, kuluttajaneuvonta, nikawapigia wakanielekeza cha kuandika, nikaandika barua pepe yenye picha, wakarudisha hela ya belti na plastiki, sio yote ila walirudisha. Ukinunua kwa mtu binafsi hiyo kinga inakuwa ndogo sana, zingatieni.

Kwahiyo mashine yenyewe nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa uzito na kwa kukosa kamba ya kuwashia kwa mkono betri ikifa. Duka mbili. Kama unataka kununua subiri mwisho wa Aprili au Mei, theluji ikianza kuyeyuka kila mtu anataka nafasi kwenye banda na bei zinashuka, ukija Novemba utalipa ya juu na hutapata ya kuchagua. Nyanyua nyuma uzungushe mkanda kwa mkono, angalia kama kuna meno yaliyokatika na kama unagonga upande mmoja. Pitisha kidole chini ya reli uisikie plastiki imebaki unene gani. Fungua boneti uitoe belti uikunje uone nyufa. Vuta ski kushoto kulia kama zinacheza. Na mwambie muuzaji mapema asiiwashe, unataka kuisikia ikiwaka ya baridi, ukifika ukagusa injini ukakuta ina joto, muage vizuri urudi nyumbani.